Nilivyoiokoa pepa yangu ya vilabu na taka za New Amsterdam

Mwaka wa tatu chuo supavaiza akanipa mada ya wenye vilabu na gesti dhidi ya sheria za usafi wa mitaa New Amsterdam, yaani New York kabla Waingereza hawajaichukua kwa Waholanzi 1664. Nikasema hapa nimekwisha. Wiki mbili natafuta kesi moja tu ya mwenye kilabu aliyeshtakiwa kwa uchafu nijengee stori juu yake, rekodi za mahakama zipo mtandaoni bure zimeshatafsiriwa lakini ukizama humo ni madeni, matusi, ngumi, mpaka macho yanauma.

Kilichoniokoa ni kuachana na watu nikazipanga sheria zenyewe kwa miaka, karatasi moja. 1647 Stuyvesant, gavana mpya, ndo kwanza kafika, anaanza na pombe: saa 3 usiku mfunge, Jumapili asubuhi hakuna kuuza. 1648 analalamika karibu robo ya mji imegeuka nyumba za brandi, tumbaku na bia. Halafu nguruwe wanaozurura, hao walitungiwa sheria mara kadhaa. 1657 marufuku kutupa mtaani taka, makombe ya chaza na mizoga, na kila mtu asafishe mbele ya kwake. 1658 wanahamia kwenye vyoo vinavyomwagikia mtaani. Ukiziona zimepangana hivyo unashtuka, maana sheria ingekuwa inafuatwa wangeirudia ya nini?

Na hapo kwenye "mbele ya kwake" ndo nikapata pepa. Mteja anakula chaza, anarusha kombe nje, anaenda zake kulala, asubuhi wa kushika ufagio ni mwenye kilabu, tena ndo huyo huyo aliyebanwa saa za kuuza. Ningekuwa mimi ningenuna.

Utamu zaidi nikaukuta jengoni. 1642 gavana Kieft alijengesha kilabu cha mji cha kulaza wageni, 1653 mji ulipopata halmashauri yake jengo lile lile likawa Stadt Huys, yaani jumba la halmashauri, mahakama humo humo. Yaani faini zinapigwa kwenye kilabu cha zamani! Hiyo nikaifanya sentensi ya kwanza.

Supavaiza aliipenda, ila kwenye aya ya chaza akazungushia kalamu nyekundu: "Huyu mteja umemuona wapi?" Ikabidi niongeze "huenda" tatu, mteja wangu akabaki.