Siku moja mezani na Mimi, Toutou na Hedwig: kuandaa vita vya Ziwa Tanganyika, 1915–1916

Saa 12 asubuhi. Kazi inaanza kwenye ndoo ya spiriti. Vimeli vilivyotoka kwenye printa ya 3D jana usiku bado vina rezini mbichi, na rezini mbichi haishiki rangi. Ndoo mbili: ya kwanza chafu, dakika tatu, ya pili safi, dakika tatu nyingine, huku ukipitisha mswaki laini kwenye pembe. Kisha acha vikauke kabisa kabla ya kuvianika. Ukiviweka juani vikiwa bado na unyevu wa spiriti vinapata utando mweupe kama chokaa, na hapo ni kurudi kwenye msasa. Jua la asubuhi linatosha, dakika kumi kila upande. Jua la saa sita lina pupa: linaipa rezini umanjano na kuifanya ivunjike kama biskuti.

Leo vimo vitano: Mimi na Toutou za Waingereza, kisha Kingani, Hedwig von Wissmann na Graf von Götzen za Wajerumani. Usiku kuna mchezo wa kuiga vita hivyo mezani kwa vimeli na dadu, wachezaji wanne.

Wengi wanaokusanya meli za kivita za mfano wanatumia skeli ya 1/1200 au ndogo zaidi, na kwa vita vikubwa vya baharini kama Jutland hiyo ni sawa. Kwa ziwa hili haifai. Mimi na Toutou zilikuwa boti za petroli za mita 12 tu, zilizoletwa kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, kisha kwa reli, kisha zikakokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, halafu reli tena na mto Lualaba hadi karibu na Kalemie ya leo, Kongo. Kwa 1/1200 boti ya namna hiyo ni milimita 10, punje ya mchele iliyonenepa. Kwa 1/300 inakuwa sentimita 4, Hedwig karibu 7, na Götzen karibu 24. Hapo jicho linaona mara moja nani mkubwa na nani anapaswa kukimbia.

Saa 2. Götzen imepinda. Kiwiliwili kirefu namna hii hupinda karibu kila mara, omo na tezi zikainuka kama ndizi. Maji ya moto yasiyochemka, dakika moja, kisha igandamize juu ya kioo na kitabu kizito hadi ipoe. Usitumie maji yanayotokota. Dohani inalegea na milingoti inalala. Safari ijayo inachapwa vipande viwili na kuunganishwa katikati, chini ya sitaha ya juu ambako mshono hauonekani.

Saa 3 na nusu. Mizinga. Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu vita hivi viliamuliwa na upande ambao mzinga ulikuwa unatazama.

Mimi na Toutou zilibeba mzinga mdogo wa ratili tatu (uzito wa kombora lake) omoni na bombomu ya Maxim tezini. Mbao za boti zilikuwa nyepesi mno, hivyo mzinga ulipigwa ukitazama mbele tu. Kuupiga kwa ubavu kungeweza kuichana boti yenyewe. Kingani nayo mzinga wake ulitazama mbele peke yake. Ndiyo maana tarehe 26 Desemba 1915 zile boti mbili ziliiacha ipite kwanza, kisha zikaitokea nyuma. Dakika 11 na kazi ikaisha. Kingani ikakamatwa, ikapewa mzinga mkubwa wa ratili 12, ikaitwa Fifi.

Kwa hiyo Kingani na Fifi ni kimeli kimoja, na hakuna haja ya kutengeneza viwili. Toboa sitaha ya omoni kwa keekee ya mkono ya milimita 2, zamisha sumaku ya kipenyo hichohicho, gundisha nyingine chini ya kila mzinga. Weka alama ya wino kwenye uso wa sumaku KABLA ya gundi. Ukikosea ncha, mzinga unaruka badala ya kushika, na sumaku iliyokwisha gundishwa haitoki bila kuharibu sitaha. Mtutu wa ratili tatu ni waya wa milimita 0.5 uliokatwa milimita 7. Ule wa Götzen, wa kipenyo cha milimita 105, ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyoishia Rufiji. Kwa skeli yetu una urefu wa milimita 14, na waya wa milimita 1 unafaa.

Saa 6 mchana. Rangi. Praima ya kijivu ya kopo, upepo ukiwa umetulia, sentimita 25 kutoka kwenye kimeli. Ukiisogeza karibu unajaza mianya yote uliyohangaika kuitengeneza. Waingereza kijivu cha kukoza, Wajerumani kijivu cheupe, ili mchezaji wa upande wa pili wa meza asiulize kila baada ya dakika mbili. Maji ya rangi nyeusi kwenye pembe, brashi kavu yenye weupe juu ya kingo, vanishi isiyong'aa. Vanishi inayong'aa inakifanya kimeli kionekane kama pipi. Bendera ni karatasi nyembamba ya sigara iliyolowekwa gundi nyeupe ya seremala na kukunjwa kidogo ikiwa bado laini.

Saa 8. Chakula, halafu hesabu.

Skeli ya vimeli na skeli ya meza si kitu kimoja, na wageni hujikwaa hapa kila mara. Kwa 1/300, umbali wa mita 2,000 ungehitaji karibu mita 7 za sakafu. Basi kwa vita vya Kingani sentimita 1 ni mita 20 na zamu moja ni dakika moja. Mchezo ni zamu 11. Kwa vita vya Hedwig, vya tarehe 9 Februari 1916, vilivyokuwa mbio ndefu, sentimita 1 ni mita 40 na zamu ni dakika mbili. Ukiongeza vyote viwili maradufu, mwendo wa kila zamu kwenye utepe wa kupimia haubadiliki. Hedwig sentimita 14, Fifi 12, Mimi 20.

Sasa angalia kilichomo humo. Hedwig inaiacha Fifi sentimita 2 kila zamu. Mzinga wa ratili 12 ulikuwa mkubwa kwa kile chombo, ukipigwa unakirudisha nyuma, hivyo kila Fifi ikipiga inapoteza sentimita 3 nyingine. Ukipiga unaachwa, usipopiga unaachwa polepole. Hedwig nayo mizinga yake mikubwa iko omoni; ikitaka kuitumia lazima igeuke, na kugeuka ni sentimita 4. Kazi ya Mimi ni kuikera kwa nyuma hadi igeuke. Toutou haimo katika vita hivi, iliharibiwa na dhoruba. Iache sandukuni hata mchezaji akibembeleza.

Makombora ya Fifi ni kunde 20 kwenye kisahani. Zikibaki tatu, rusha dadu kila unapopiga: 1 au 2, mzinga umekwama, zamu kumi bila kupiga. Ndivyo ilivyotokea: kombora liligoma, wakasubiri dakika 20, kisha la pili kutoka mwisho likatoboa kiwiliwili na la mwisho likafika kwenye injini. Zamu kumi za kukaa kimya ni adhabu kali, na kila anayeicheza hunung'unika. Usiipunguze.

Saa 11 jioni. Meza ya sentimita 180 kwa 120, shuka la buluu lililopigwa pasi. Mkunjo mmoja tu unakipindua kimeli cha gramu tatu. Chombo cha mbele kikifika sentimita 15 kutoka ukingoni, sogeza vyote pamoja nyuma sentimita 60. Watu wawili, rula ndefu, hakuna anayekohoa.

Saa 1 usiku. Sheria moja ya lugha kabla ya dadu: boti huzungumzwa kwa "i-". "Mimi inapiga." Anayesema "Mimi napiga" anaulizwa, "Wewe au boti?" na zamu inasimama hadi ajisahihishe.

Saa 3. Götzen inabaki kwa awamu ya tatu, ambayo haikutokea: siku iliyofuata Götzen ilipita ikiitafuta Hedwig, na Spicer-Simson, kamanda wa Waingereza, hakutoka. Mezani anaruhusiwa kutoka. Mchezaji wa Mjerumani anachagua kwa siri mzinga wa kupachika, kwa sababu baadaye ule wa Königsberg uliondolewa kupelekwa vitani nchi kavu, na mahali pake pakawekwa wa bandia wa mti. Wa kweli ni waya. Wa bandia ni kijiti cha meno, milimita 14, rangi ileile, sumaku ileile.