Nilivyoisoma sarafu ya mwinyi wa Orange

Jirani yangu hapa Avignon, kusini mwa Ufaransa, mzee ambaye macho yamefifia, alinikabidhi sarafu ya dhahabu aliyorithi kwa mama yake. "Ni florini ya Florence, ule mji wa Italia," aliniambia. "Nisomee tu maandishi." Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Ilinichukua jioni tatu.

Upande mmoja una ua la yungiyungi, wa pili Mtakatifu Yohana Mbatizaji amesimama. Ndivyo zilivyo florini za Florence tangu 1252, dhahabu safi ya gramu 3.5 hivi. Hii ilipima 3.4 kwenye mizani ya sonara, nami nikaamini.

Jioni ya kwanza nilisoma nilichokitarajia. Nililazimisha FLORENTIA, herufi zikakataa. Kesho yake nikazima taa, nikalaza tochi ya simu ubavuni mwa sarafu, mwanga ukapita chini chini kama jua la magharibi na kila herufi ikatupa kivuli. Nikazunguka kutoka kulia kwa ncha ya ua, nikiandika nilichokiona tu: R, DI, G, P, AVRA.

Vifupisho vya Kilatini: R ni Raimond, DI G kwa neema ya Mungu, P mkuu, AVRA wa Orange. Mji wenyewe uko kilomita kama 30 kutoka hapa, na Raimond wa ukoo wa Baux aliutawala hadi 1393. Mwinyi wa kieneo kidogo vile, dhahabu yake nani angeipokea? Florini ilikubalika kila soko, basi akaivisha yake sura ileile, na palipokuwa na jina la Florence akatia lake. Hata Papa Yohane XXII, aliyekaa hapa Avignon, alipiga za namna hiyo pale Sorgues, jirani tu.

Lililobaki ni alama ndogo baada ya jina la mtakatifu, karibu na kichwa chake. Kwenye florini za Florence, hapo ndipo msimamizi wa kiwanda cha sarafu alipoweka alama yake. Niliona kitu kilichopinda mfano wa kamba wa baharini, kisha nikaona na mshipi wake. Baragumu! Ndiyo nembo ya wakuu wa Orange. Mimi ni mtoto wa Lamu, nimekua nikijua siwa, baragumu la watawala wetu, ni sauti ya utawala. Mwili ulinisisimka.

Nilimchorea mzee baragumu lile kwa kalamu nene, ukurasa mzima. Akalifuata kwa kidole, polepole.

"Kumbe ni ya huku kwetu," akasema.