Nikeli Kidogo Tu, Sumaku Imegeuka

Katika Mn4N, kampaundi ya manganizi na naitrojeni, manganizi ndiyo inayobeba usumaku wote, lakini atomi zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Chukua mchemraba mmoja wa fuwele, wenye upande wa angstromu 3.865, naitrojeni ikiwa imekaa katikati. Ukishagawana atomi na michemraba jirani, unabaki na manganizi 1 ya kona na 3 za nyusoni. Vipimo vilivyochukuliwa kwenye kelvini 77 vinaonyesha kwamba ya kona inavuta magnetoni za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomi) 3.85, na za nyusoni kila moja 0.90 kwenda upande wa pili. Ni mchezo wa kuvuta kamba: 3.85 kwa 2.70, salio 1.15.

Sasa ingiza nikeli. Inapenda kona, na momenti yake, yaani nguvu yake ya sumaku, ni ndogo mno. Kwa hiyo kila atomi inayoingia inamtoa mvutaji hodari na kumweka aliyeshika kamba bila kuvuta. Gawa 1.15 kwa 3.85: kamba ingetulia nikeli ikishika 0.30 ya kona, yaani x = 0.30 katika Mn4−xNixN (x ni idadi ya nikeli kwa kila mchemraba). Lakini kwenye utando mwembamba uliokuzwa juu ya sahani ya fuwele ya strontiamu titaneti, katika joto la chumbani, inatulia mapema, karibu na 0.18. Si ajabu. Utando huo ukiwa safi, bila nikeli, una usumaku wa takriban kiloampia 110 tu kwa mita, sawa na magnetoni 0.7 hivi kwa mchemraba. Salio dogo halihitaji nikeli nyingi kulimaliza. Kobalti hufanya kazi hiyohiyo, ila inatakiwa nyingi zaidi.

x = 0.18 ni asilimia 4.5 tu ya atomi zote za metali. Ukikosea kwa asilimia moja, x inasogea kwa 0.04, na hapo unaweza kujikuta upande wa pili wa mizani (pale mivuto miwili inapolingana) bila kujua. Kwa hiyo pima kasi ya uvukizi wa manganizi na ya nikeli kila siku ya kazi. Usitegemee namba za wiki iliyopita.

Utando wenyewe hukuzwa ndani ya ombwe, plazima ya naitrojeni ikiwaka, sahani ikiwa kwenye nyuzi 450 za Selsiasi hivi. Naitrojeni ikizidi unapata Mn3N2, ambayo haitakupa sumaku unayoitafuta. Kabla ya kutoa sampuli, ifunike kwa nanomita chache za silika, maana manganizi ikikutana na hewa huoksidika upesi. Kwenye mionzi ya eksirei ya shaba tafuta kilele kwenye pembe ya karibu nyuzi 47. Kile cha strontiamu titaneti kiko 46.5, kwa hiyo usivichanganye.

Kwenye kupima ndiko wengi wanakopotea. Utando wa nanomita 10 kwenye sahani ya milimita 5 kwa 5 hutoa momenti ya 2.8 × 10⁻⁸ A·m². Mikrogramu moja ya chuma iliyoachwa na kibano hutoa mara 8 ya hiyo. Tumia kibano cha plastiki, na usafishe kingo za sahani.

Tena, magnetomita (kifaa cha kupima usumaku) peke yake haisemi umevuka mizani. Inaonyesha tu salio likipungua, kisha likipanda tena. Tumia athari ya Hall (volti inayojitokeza kukingama mkondo wa umeme ndani ya sumaku): ukishavuka, alama yake, + au −, inageuka. Karibu na mizani nguvu ya kugeuza sumaku hupanda sana, kiasi kwamba uga wa sumaku wa tesla 1 huenda usitoshe; mstari wa vipimo ukitoka bapa, usikimbilie kusema sampuli imekufa. Ongeza uga kwanza.

Tabu yote hii ni kwa ajili ya kuta zinazotenganisha maeneo ya sumaku, ambazo husukumwa kwa mkondo wa umeme. Katika Mn4N tupu zilifikia karibu mita 900 kwa sekunde. Mwaka 2021 watafiti wa Grenoble na Tsukuba walizipeleka karibu mita 3000 kwa sekunde kwa nikeli iliyokaribia mizani, na walipoivuka kuta zikaanza kwenda upande wa pili, mkondo ukiwa uleule.