Nilivyomtafutia baba maandishi ya TV

Baba yangu mwalimu mstaafu, tunakaa Wete, Pemba, na masikio yake yamepungua sana miaka hii, mashine ya sikio anayo lakini anasema inampigia kelele tu kama redio isiyoshika stesheni, basi anaivua anaitia mfuko wa kanzu. Habari ya saa mbili haikosi, sauti inafika barabarani na bado anaangalia midomo. Kuna siku kwenye kona anakuwepo mkalimani wa lugha ya alama ila baba kazibika uzeeni, alama hajui hata moja, anachokijua ni kusoma.

Kilichoniuma zaidi tamthilia za Kituruki. Zile za mwanzo tulizokuwa nazo zilikuwa na sabtaito, maandishi ya chini ya picha, za Kiingereza, yeye akisoma na kututafsiria sote. Sasa zimetiwa sauti za Kiswahili, mama furaha tele, baba ndo katolewa nje. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, huyu mwanamke analilia nini?" Na mie nilikuwa kwenye simu, wala sijui.

Basi nikaanza kuchokoachokoa. TV yetu mtumba wa Dubai, kwenye menyu ina CC, yaani maandishi ya yanayosemwa, nikaiwasha, wapi! Siku mbili nailaumu TV bure. Kumbe CC ile ni mambo ya Marekani, kule maandishi haya ya kuwasha na kuzima yameanza 1980 na tangu 1993 TV mpya za inchi 13 kwenda juu zililazimishwa ziwe na kisomeo chake ndani, lakini sie picha inatoka kwenye king'amuzi kwa waya wa HDMI na waya ule haupitishi CC. Maandishi kama yapo king'amuzi ndo kinayabandika kwenye picha kabla haijatoka. Kwa hiyo kitufe kiko kwenye rimoti ya king'amuzi, kimeandikwa SUB, yaani sabtaito, chetu kimefutika kwa vidole ndo maana hakuna aliyewahi kukigusa. Chaneli ya filamu za Kiingereza nikabonyeza, hayo! Za Kiswahili nikapitia moja moja, zote hakuna. Na sie Zanzibar tuna TV ya rangi tangu miaka ya 70, Bara wamesubiri mpaka 1994, leo tunashindwa na mistari miwili ya maandishi.

Kwa habari nikatumia programu ya Google, Live Transcribe, inayoandika maneno inayoyasikia, ipo tangu 2019 na Kiswahili kimo. Nikachukua tableti ya mdogo wangu ya skuli, herufi nikazikuza mpaka mwisho, nikaisimamisha ubavuni mwa TV karibu na tundu la spika, maana mwanzo niliiweka mbele ikawa inasikia feni tu. Msomaji akiwa peke yake inaenda vizuri, inachelewa kidogo, wakianza kubishana watu watatu kwa pamoja ni vurugu, na bando inakula. Wete inaandika "wetu". Baba akavua miwani akacheka, "Meli imetia nanga wetu! Mtoto huyu nampa sifuri," lakini jioni ya pili yake kaidai mwenyewe kabla ya saa mbili.

Juzi mvua ya masika imepiga bati hatusikii kitu, filamu inaendelea na SUB iko chini. Mama akaanza, "Mwalimu, kasema nini huyo?" Baba hakugeuka hata shingo, "Subiri iishe ntakuhadithia."