Ua gani?

Mwaka 2019 nilikuwa msaidizi wa HR kwenye kampuni moja ya kliaringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo bandarini, pale Kurasini, karibu na bandari, na tulikuwa tunatafuta mtu wa dokumenti. Yaani yule anayekaa na hati za mizigo kutwa nzima anaziingiza kwenye mfumo wa forodha, na akikosea namba moja tu ya kontena mzigo unalala bandarini mteja anaanza kulipia stoo. Ni kazi ya macho na utulivu. Nalisema hili mapema kwa sababu ndo linaloniuma mpaka leo.

Tulichuja wakabaki watatu. Bosi wangu alikuwa ametoka semina, huko wakafundishwa zile tabia tano ambazo wanasaikolojia wanapimia haiba ya mtu: uwazi wa mawazo, umakini, uchangamfu, upole na wasiwasi. Kilichomkaa zaidi ni utafiti wa 2015 wa Wu Youyou, Michal Kosinski na David Stillwell, kwamba kompyuta ikipewa laiki 10 tu za mtu kule Facebook inaikisia haiba yake vizuri kuliko mfanyakazi mwenzake, na ikifika kama 300 inaenda sawa na mume au mke wake. Basi akanipa fomu yenye viboksi vitano, akasema pekua kurasa zao, kila tabia ipe alama 1 mpaka 5. Lakini wale watafiti walikuwa na kompyuta na maelfu ya watu waliojaza dodoso kwa hiari yao, mimi nilikuwa na bando la ofisi na mchana mmoja wa Alhamisi.

Nikaanza na dada mmoja, Instagram yake imejaa, kichenpati, jezi ya Simba, video anacheka na wenzake baharini. Nikampa uchangamfu 5, umakini 2. Hakukuwa na picha hata moja inayoonyesha uzembe, nilimwona tu anacheza mziki nikaandika. Wa pili alikuwa LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, tai, vyeti vimepangwa, huyo nikampa umakini 5 bila kufikiri mara mbili. Wa tatu kijana mmoja, nilichokipata ni Facebook yenye picha ya ua jekundu, marafiki 11, hajaposti kitu tangu 2016. Uchangamfu 1. Halafu pembeni nikaandika kwa mkono wangu: hajichanganyi, huenda anaficha jambo. Na mimi mwenyewe wakati huo akaunti yangu nimeifunga, picha mbili tu, na hakuna kitu nilichokuwa naficha, mi ni mtu wa kukaa kimya tu tangu utoto.

Jumatatu wakaja. Yule dada bosi akamgeuzia laptop, akamwonyesha picha ya kichenpati akamuuliza, hivi na hapa ofisini utakuwa hivi? Akaangalia ile picha kidogo akasema, "Hapo nilikuwa namtoa dada yangu, bosi. Mama hayupo, mi ndo nilisimamia kila kitu mpaka michango." Kusimamia michango ya shughuli nzima bila shilingi kupotea, jamani, kama huo sio umakini basi sijui umakini ni nini. Bosi akaitikia tu akafungua karatasi nyingine.

Kijana wa tatu akaulizwa mbona mtandaoni hayupo, anaficha nini. Akaingiza mkono mfukoni taratibu akatoa kitochi, kimefungwa raba nyuma kuzuia betri isitoke, akakiweka mezani. "Simu yangu ni hii bosi. Maombi nilitumia intaneti kafe. Hiyo Facebook alinifungulia mdogo wangu kwenye simu yake."

Niliangalia chini. Wakati wa chai nikamwomba bosi nibadilishe alama zangu, akasema acha, tumeshajumlisha. Kazi akapewa yule wa LinkedIn, na sina neno baya juu yake, alifanya kazi vizuri.

Miaka ya baadaye nikaja kukutana na utafiti wa Marekani, wa Chad Van Iddekinge na wenzake, 2016. Waajiri walipewa kurasa za Facebook za wanafunzi wa chuo 416 waliokuwa wanatafuta kazi, wakazipa alama, halafu watafiti wakafuatilia kwa mabosi wa wale waliopata kazi. Alama zile hazikuhusiana na utendaji wao, wala hazikusema nani ataacha kazi, ila zilielekea kuwapendelea wanawake na Wazungu. Nilipoisoma nilimkumbuka yule dada na michango yake, halafu kile kitochi chenye raba. Sheria ya kulinda taarifa binafsi tumeipata Tanzania 2022, siku ile hatukuwa hata tumewaambia wale watu kwamba tunawapekua.

Yule kijana nilimsindikiza mpaka getini, alikuwa anaenda kupanda gari la Mbagala kule Barabara ya Kilwa. Akasimama akaniuliza, sauti ya chini kabisa, "Samahani dada, kwani kule Facebook mmekuta nini changu?"

Nikamwambia, ua.

"Ua gani?"

Ikabidi nianze kumwelezea, jekundu, lina matone ya maji juu. Akanisikiliza mpaka mwisho, ilikuwa ndo mara yake ya kwanza kuisikia hiyo picha.