Oksitosini yetu ilikuwa inaiva dirishani

Nilipohamia zahanati ninayofanyia kazi, nilikuta oksitosini, sindano ya kukaza kizazi ili mama asivuje damu baada ya kujifungua, inakaa kwenye trei chumba cha kujifungulia, chini ya dirisha linalopigwa na jua la mchana. Ilizoeleka hivyo ili mkunga asihangaike kuitafuta. Nami nikafuata.

Usiku mmoja alijifungua mama wa uzao wa nne. Nikamchoma uniti 10 pajani ndani ya dakika ya kwanza. Kondo likatoka, lakini kizazi chini ya kiganja changu kilikuwa tepetepe kama ugali usioiva. Damu ikaloanisha kanga mbili. Nikakikanda huku namwita mwenzangu. Tulipomchoma dawa ya boksi lililoletwa jioni ile likiwa na barafu, kizazi kikakaza. Siwezi kuapa kwamba kosa lilikuwa la dirisha, ila sikulala.

Oksitosini ni mnyororo wa asidi amino 9 tu, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini. Sita zimejikunja kuwa pete, iliyofungwa kwa salfa ya asidi amino mbili ziitwazo sisteini, na tatu zinabaki nje kama mkia. Mwanakemia Vincent du Vigneaud aliiunda maabara mwaka 1953, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Tunayochoma ni ileile inayotengenezwa ubongoni mwa mama. Joto huibomoa taratibu, na umbo lake likishavurugika misuli ya kizazi haiitambui tena. Maziwa yakichacha yananuka. Ampuli, kile kichupa cha dawa, iliyoharibika inaweza kubaki angavu vilevile. Hilo ndilo lililonitisha.

Nilimwomba mganga mfawidhi nafasi kwenye friji ya chanjo, ya sola, inayokaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kaka wa chanjo akakataa: "Sista, ukifungua kila mama akija, chanjo zangu zitapata joto." Alikuwa na haki. Tukakubaliana mlango ufunguliwe mara moja kila zamu. Natoa ampuli nne, naziweka kwenye kiboksi cha kubebea chanjo, na vipande vya barafu naviacha kwanza vitoe jasho ili dawa isigande. Asubuhi, ampuli zilizobaki naziwekea alama ya kalamu, ndizo zinazotangulia kutumika zamu inayofuata.

Wiki ya kwanza nilisahau mara mbili. Siku hizi, kabla sijavaa hata aproni, kaka wa chanjo ananiita kutoka mlangoni: "Sista, umechukua zako?"