Siku moja maishani mwangu: chumba cha sindano za mwezi

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni nesi wa kliniki ya magonjwa ya akili. Nahesabu ampuli, vichupa vya kioo, za flufenazini dekanoati, dawa ya ugonjwa wa akili inayochomwa kama mara moja kwa mwezi, miligramu 25 kwa kila mililita 1. Dawa hii imeyeyushwa kwenye mafuta ya ufuta, ndiyo maana inakaa mwilini wiki kadhaa. Friji haihitaji. Inahitaji boksi lake na kivuli.

Saa 2:15. Kadi kwanza, bomba baadaye: tarehe ya mwisho, dozi, na kitako kilichochomwa mara iliyopita. Aliyeandikiwa miligramu 37.5 anapata mililita 1.5, anayechanganya miligramu na mililita hana namna ya kuirudisha dawa ikishaingia. Haloperidoli, dawa nyingine ya kundi hilo, nayo ni mbili, ya kawaida na dekanoati ya kukaa wiki kadhaa, kwa hiyo jina husomwa mpaka neno la mwisho. Anayeanza flufenazini hupewa mililita 0.5 ya kujaribia, mzee nusu ya hiyo, kisha huangaliwa siku 4 hadi 7 kabla ya dozi kamili.

Saa 3:00. Bomba na sindano viwe vikavu kabisa. Tone moja la maji na mafuta yanakuwa meupe kama tui. Natumia sindano ya kijani, geji 21 (kipimo cha unene), maana nyembamba zaidi inagoma kupitisha mafuta. Urefu pia una maana: kwa mtu mnene, sindano fupi inaishia kwenye shahamu, panabaki uvimbe na dawa inanyonywa ovyo.

Mahali ni robo ya juu ya nje ya kitako. Navuta ngozi pembeni kama sentimita 2, nachoma wima, navuta kidogo nione kama damu inakuja, kisha nasukuma taratibu. Nahesabu hadi kumi, natoa sindano, ndipo naachia ngozi. Njia inajifunga na mafuta hayarudi nje. "Nesi, nimsugue?" mama mmoja anauliza kuhusu mwanawe. Hapana mama, pamba tu, usisugue.

Saa 5:00. Kijana aliyechomwa juzi analetwa shingo imepinda, macho yamekwama juu. Ndugu wanadhani amerogwa. Ni dawa: misuli imekaza, na promethazini ya kuchomwa msulini humlegeza, kisha daktari humwandikia vidonge vya benzeksoli. Kinachonitisha zaidi ni homa, mwili kukakamaa kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa vikija pamoja. Huyo hasubiri foleni, anapelekwa wodini saa hiyo hiyo, na sindano inayofuata haitolewi.

Saa 7:30. Simu kwa waliokosa. Aliyechelewa wiki nyingi simchomi kwa mazoea, anaanzia kwa daktari.

Saa 9:00. Sindano zote kwenye sefti boksi, boksi gumu la kutupia vyenye ncha, bila kurudishiwa kifuniko. Ampuli iliyofunguliwa ikabaki nusu hutupwa, hata kama roho inauma. Kwenye kadi naandika siku 28, siyo "tarehe kama ya leo mwezi ujao": aliyekuja Jumanne arudi Jumanne, siku ya kliniki.